Uzito wa Meneja

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, na wifi yako anakusalimu kutoka jikoni, ambako anagonga sufuria kwa nguvu kuliko kazi inavyohitaji. Mwenzako wa kazini amenieleza kwamba kile kifua kilichokusumbua kimepona, na kwamba sasa unapata usingizi wa kutosha kati ya zamu. Nimefurahi sana. Vipi mgongo? Mmepata viti, au bado mnasimama wodini kama walinzi wa lango? Sisi huku miili yetu haijambo. Magoti yangu yananung'unika, lakini hayo ni mazungumzo ya zamani kati yangu na magoti yangu. Waandishi wa barua wana kawaida ya kusema kwamba hofu na mashaka ni juu ya aliye mbali. Leo niruhusu niigeuze. Wewe uliye mbali u salama; hofu iko huku, tena imekaa sebuleni, kwenye kiti cha karibu na dirisha.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Nitakueleza, na unajua kwamba kueleza ndio ugonjwa wangu. Katika simu mtu akisikia sauti ya mwenzake inapanda kwa furaha, naye hukimbilia kuipandisha zaidi. Nimefanya hivyo mara nyingi miezi hii. Karatasi haina sauti ya kunishawishi. Mwenzako anaondoka leo jioni, atapita hapa saa kumi kuichukua barua, na ameniahidi kwamba kesho alfajiri, mtakapobadilishana zamu, itakuwa mkononi mwako. Sasa ni saa tano kasorobo asubuhi. Nina muda wa kutosha kusema kila kitu, na hilo ndilo linalonitisha.

Habari ni za Meneja.

Ulipomleta miezi kumi na minne iliyopita, ndani ya kile kikapu chenye mfuniko, nilikwambia kwamba mimi si mtu wa paka. Ukasema yeye naye si paka wa watu, kwa hiyo tutaelewana. Ukanipa historia yake yote mlangoni, na teksi inakungoja: jinsi ulivyomtoa kwenye kapu la mashuka machafu ya wodi ya wazazi miaka kumi na mitano iliyopita, mamake ametoroka, jinsi ulivyomlisha maziwa kwa bomba la sindano katikati ya kuzalisha watoto wa watu, na jinsi alivyopata jina, kwa kuwa alizoea kukaa kwenye kiti cha msimamizi wa wodi akiwatazama wauguzi wanavyohangaika, yeye hagusi kitu. Hapa alikichukua kiti changu siku ya kwanza. Wifi yako akasema hatimaye nyumba hii imepata meneja, maana aliyekuwepo alistaafu.

Siku hiyohiyo nilimpima. Usicheke. Miaka thelathini na minne ya ukaguzi wa mizani na vipimo haimtoki mtu kwa kukabidhiwa cheti na saa ya ukutani. Nilimweka kwenye ile mizani yangu ya mshale, yenye beseni juu, akawa kilo nne na gramu mia nane. Nikaandika kwenye kalenda ya jikoni, nikasahau.

Miezi minne iliyopita ndipo alipoanza kunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani. Bakuli lake nililijaza asubuhi, adhuhuri nikalikuta tupu. Nilidhani ni joto. Wifi yako akasema joto gani linalomkausha paka peke yake, mimi mbona sinywi ndoo? Tukampeleka kwa daktari wa mifugo. Huyu ni mwanamke wa makamo mwenye mikono mifupi na maneno mafupi zaidi. Kazi yake kubwa ni ng'ombe, na ukimwita kwa ajili ya paka anakuja na viatu vya zizini. Alimpima damu, akasema figo zimechoka. Uzito ulikuwa umeshuka hadi kilo tatu na mia sita.

Wewe unayajua mambo ya figo kuliko mimi, lakini nilieleweshwa hivi, na nimependa jinsi nilivyoeleweshwa. Figo ni kichujio. Kichujio kikichakaa, uchafu unabaki ndani ya damu, mwili unajaribu kuusafisha kwa kumwaga maji mengi, ndiyo maana mgonjwa anakunywa sana na bado amekauka. Uchafu ule unamtia kichefuchefu, anakataa chakula, anakonda. Nilimweleza wifi yako haya yote njiani tulipokuwa tunarudi. Aliniacha nimalize, kisha akaniambia kwamba alikuwa amesimama palepale daktari alipokuwa anayasema.

Dawa, kwa kweli, si dawa. Daktari alitamka wazi kwamba hatumponyi, tunamsogeza mbele. Kila asubuhi tunatundika mfuko wa dripu kwenye chuma cha pazia, tunaupasha kwanza ndani ya bakuli la maji ya vuguvugu, naivuta ngozi ya mgongoni karibu na shingo, naingiza sindano chini yake, na mililita mia moja zinaingia taratibu. Panavimba kama yai, kisha yai linashuka begani, mchana linatoweka. Wifi yako ndiye anayemshika na kumwimbia. Mwanzoni Meneja alilalamika vibaya sana, alitutukana kwa lugha yake yote. Nami nilitoboa kidole changu mara mbili kabla ya kumtoboa yeye mara moja.

Nilimuuliza daktari anaweza kusogezwa mbele hadi wapi. Nikamwambia mwenye paka anarudi mkataba wake wa kazi ukiisha, miezi mitano hivi ijayo. Alifuta viatu vyake kwenye kizingiti, akasema tujaribu. Lakini akaweka mpaka. Akasema: mpimeni kila asubuhi, siku atakaposhuka chini ya kilo mbili na nusu, mwili utakuwa unajila wenyewe, na maji haya yatakuwa yanatusaidia sisi, si yeye. Siku hiyo niiteni, nitakuja hapahapa nyumbani, nimlaze usingizi wa mwisho kwa sindano, asihangaishwe na safari wala harufu za mbwa wa kliniki. Tukakubaliana sote watatu. Wifi yako akasema haya, mimi shahidi, asije mtu akabadilisha kauli.

Sasa nieleze kidogo jinsi tulivyokuwa tunapima, maana bila hilo hutanielewa mbele. Katika kazi yetu kulikuwa na kanuni ambayo niliwafundisha vijana wote waliopita chini yangu: mwenye mali hasomi mizani. Mtu anayetaka jibu fulani macho yake huliona kabla mshale haujatulia. Kwa hiyo mwenye duka anaweka mzigo, mkaguzi anasoma. Niliona haki itendeke hata kwa paka. Mimi namweka Meneja kwenye beseni, wifi yako anavaa miwani, anainama, anasoma, mimi naandika kwenye kalenda. Na tunapima kabla ya dripu, si baada yake, kwa sababu mililita mia moja za maji zina uzito wa gramu mia moja, na maji ya mfukoni si nyama ya paka.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa neema. Alipanda hadi tatu na mia nane. Aliruka juu ya jokofu, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu aje. Aliiba kipande cha samaki kwenye sahani ya mgeni, na sisi badala ya kumkemea tulishangilia, mgeni akatuona wendawazimu. Ndizo siku nilizokupigia simu nikakwambia atakungoja mlangoni. Sikukudanganya siku zile. Niliamini. Niliketi nikatazama kalenda, nikapiga hesabu ya wiki zilizobaki na gramu zilizopo, nikaona zinatosha, zinatosha na kubaki.

Kisha akaanza kushuka, na mimi nikaanza kuishi kwa masikio. Nilijua sauti ya kucha zake sakafuni, na nilijua zinaposita. Nilijua kikohozi kinachotangulia kutapika. Nilivua viatu ndani ya nyumba ili nisimshtue. Nilishika saa yangu nikahesabu pumzi zake kwa dakika, na zikizidi thelathini, nilihesabu tena nikitumaini nimekosea. Wifi yako akasema hata yeye alipougua homa ya mapafu sikuhesabu pumzi. Nikamjibu kwamba yeye angeniambia akizidiwa. Akasema hata huyu anakwambia, ila wewe siku hizi husikii.

Tatu kamili. Mbili na mia saba. Mbili na nusu na kidogo. Akaacha kujiramba, manyoya yakawa kama brashi kuukuu. Akawa anakaa mbele ya bakuli la maji, kidevu ukingoni, hanywi, anatazama tu.

Wakati huo ndipo uliponipigia ukasema umepata nafasi ya likizo ya siku kumi, na kwamba ungeweza kuja mara moja, umwone, urudi kumalizia mkataba. Ukasema, kaka, niambie ukweli, nije? Nikasema usifanye haraka, tuone wiki hii inaisha vipi. Siku mbili baadaye wifi yako akakupigia mwenyewe, huku analia kwa furaha, akakwambia Meneja ameongezeka karibu gramu mia mbili kwa usiku mmoja. Ulipiga kelele hadi simu ikakwaruza. Ukasema Mungu mkubwa. Ukasema basi nafasi ile utampa mwenzako, ambaye mama yake alikuwa anapasuliwa jicho na hakuwa na mtu wa kumshika mkono. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwenye simu. Nilisikia kila neno, na sikusema kitu.

Hiyo ilikuwa siku kumi na mbili zilizopita.

Mwenzako alifika hapa siku tatu zilizopita kutusalimu. Ni binti mwenye adabu. Alisema mama yake sasa anaona hadi herufi za kwenye chupa za dawa, na kwamba yote ni kwa sababu dada alimwachia likizo kwa kuwa paka wake amepona. Alitaka kumwona huyo paka. Meneja alikuwa nyuma ya mashine ya kufulia, mahali ambapo siku hizi hujificha. Nikasema amelala.

Sasa sikiliza kisa cha sukari. Juzi wifi yako alirudi kutoka duka la hapa mtaani na sukari kilo mbili, ile ya kupimwa kwenye mfuko. Mwenye duka unamkumbuka. Mimi ndiye niliyembandika jina la Bwana Robo mwaka ule nilipokuta mizani yake inapungua robo kilo katika kila kilo tatu. Nilimfungia mizani kwa wiki mbili, na tangu hapo hajawahi kukosea, wala hajawahi kunisamehe. Wifi yako alikuwa anataka kugawa sukari ile nusu kwa nusu na jirani, akauweka mfuko mzima kwenye mizani yetu kwanza. Mshale ukaenda hadi kilo mbili na gramu mia moja na sitini.

Mwanamke mwingine angeshukuru bahati yake. Lakini huyu ameishi na mkaguzi wa vipimo miaka yote hii, akaambukizwa. Alibeba ule mfuko, akavuka barabara, akamwambia Bwana Robo kwamba amezidishiwa na amekuja kurudisha kilicho chake. Bwana Robo akauweka juu ya mizani yake mbele ya wateja: kilo mbili barabara. Akaupima kwa mizani ya pili: kilo mbili. Akaenda kuazima mizani ya muuza nyama wa pembeni: kilo mbili. Ndipo akashika kiuno akacheka hadi kofia ikaanguka. Akasema, mama, mizani yenu ndiyo inayosema uongo! Leo tumemkamata mkaguzi! Mwambieni mzee alete mizani yake niifungie wiki mbili!

Wateja walicheka, naye wifi yako akacheka nao kwa heshima. Lakini njiani kurudi, anavyoniambia, kicheko kilimkauka kabla hajafika katikati ya barabara.

Hakunifokea. Ningependa angenifokea. Aliingia, akauweka mfuko wa sukari kwenye beseni, akavua miwani yake, akainyoosha kwangu, akasema, leo soma wewe.

Nikasoma. Nikasema, mbili na mia moja sitini. Akasema, na Meneja je?

Mdogo wangu, nimefika mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka tangu saa tano, na sasa ni saa saba na nusu na chai yangu imepoa mara mbili. Nilianza na jambo dogo. Wiki tatu zilizopita alipokaribia mpaka wa daktari, nilimwambia wifi yako kwamba ni afadhali tumtilie maji kwanza ndipo tumpime, eti anatulia zaidi akishamaliza sindano. Ilikuwa kweli kwamba anatulia. Lakini nilijua, kuliko mtu yeyote katika mtaa huu, kwamba nilikuwa nampa gramu mia moja zisizo zake. Kila asubuhi niliziandika kwenye kalenda kwa mwandiko wangu mzuri.

Gramu mia zilipomalizika, nilichukua bisibisi. Ndani ya mizani ya mshale, nyuma ya bamba la namba, kuna skrubu ndogo inayorekebisha nguvu ya springi. Ukiilegeza kidogo, mizani ikiwa tupu mshale unasimama kwenye sifuri kama mtoto mtiifu, hakuna anayeweza kushuku. Lakini ukiweka mzigo, inazidisha, na kadiri mzigo ulivyo mkubwa ndivyo inavyozidisha zaidi. Wachache sana huujua mchezo huo. Nilipokuwa kazini niliukuta mara mbili tu, na mara zote mbili nilisimama mbele ya hakimu nikasema kwamba mtu anayefanya hivi hakosei, anakusudia. Nilikusudia kuilegeza kwa unywele mmoja. Skrubu ikaachia ghafla, ikazunguka zaidi. Ndiyo maana kesho yake wifi yako alisoma mbili na mia saba, akanirukia shingoni, akakimbilia simu.

Hakuongezeka hata gramu moja. Nilikuacha ushangilie skrubu.

Ningeweza kusema wakati ule. Simu ilikuwa bado sikioni mwa wifi yako, na ungekuwa na siku zako kumi, na ungemkuta akiwa bado anapanda kitini mwenyewe. Nilikaa kimya mpaka ikawa vigumu kusema, kisha nikakaa kimya kwa kuwa ilikuwa vigumu. Mama wa mwenzako ameona, na ninashukuru. Lakini sithubutu kujifariji kwa jicho la mama wa mtu.

Jana asubuhi niliirudisha skrubu mahali pake wifi yako akiwa amesimama nyuma yangu. Tukampima kabla ya maji, kama tulivyokubaliana. Kilo mbili na gramu mia mbili na ishirini. Nimeishi na gramu mia mbili na themanini za uongo, na Meneja ndiye aliyezibeba. Nilipomuingiza sindano hakulia. Wifi yako akasema hajalia siku ya tano sasa, hukuona? Sikuwa nimeona. Nilikuwa natazama mshale.

Nikamwita daktari. Nilimweleza kila kitu palepale mlangoni, kabla hajavua koti. Alivua koti, akasema katika kazi yake ameona wenye ng'ombe wakidanganya uzito ili wauze, hajawahi kuona mzee akidanganya uzito ili asiage. Alimshika Meneja mgongoni, akamfungua mdomo, akasikiliza moyo. Nilimuuliza kama siku hizi kumi na mbili zilikuwa za mateso tu. Hakunibembeleza na hakunipiga. Akasema pengine zile za mwanzo zilikuwa na jua kidogo dirishani na mkono wa mtu. Hizi za mwisho, la.

Nami, mdogo wangu, hata baada ya hayo yote, nikamuuliza kama kuna njia ya kumsogeza mbele tena. Nakuambia ujue jinsi tumaini lilivyo king'ang'anizi. Akasema ipo. Anaweza kulazwa kliniki, dripu iingie kwenye mshipa usiku na mchana. Huenda akapata siku nne, huenda wiki, lakini atazipatia ndani ya kizimba, na hatarudi kuwa paka. Ruhusa yako, hata ungeiomba leo, pamoja na safari ni siku tatu. Nilipiga hesabu hiyo usoni mwake, na akaniona ninavyoipiga. Akamchoma sindano ya kutuliza maumivu na kichefuchefu, akasema hii itamfikisha kesho kutwa asubuhi, si zaidi. Mwambie mwenye paka, nitakuja saa nne. Kesho kutwa ya jana ndiyo kesho ya leo.

Nimekuwa nikisema moyoni kwamba nilifanya haya kwa ajili yako, ili urudi umkute. Nimelirudia neno hilo hadi likawa tamu. Si kweli, na karatasi hii nimeinunua kwa ajili ya kusema kwamba si kweli. Unakumbuka mama alipolazwa mara ya mwisho. Waliniita mimi kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Wakaniambia mashine ndiyo inayopumua, yeye amekwishaondoka. Nikatia sahihi. Ukafika siku mbili baadaye, vumbi la safari bado viatuni, ukasimama mbele ya kitanda kilichotandikwa upya, ukaniuliza: kaka, siku mbili zilikushinda? Hukulisema tena kamwe. Umenipenda na kuniheshimu miaka tisa bila kulirudia, na mimi sikuwahi kukujibu. Nilipoishika ile bisibisi sikumfikiria Meneja wala sikukufikiria wewe. Nilikuwa namkimbia mtu atakayesimama tena mlangoni na viatu vyenye vumbi.

Kwa hiyo nakujibu sasa. Siku zile mbili hazikunishinda. Nilizikataa, kwa sababu nilimtazama mama na sikuona kwamba zilikuwa zake. Niliamua sawasawa, na sijawahi kuwa na uhakika. Mambo yote mawili yamekaa ndani yangu miaka yote hii, hayagombani na hayapatani.

Kesho saa nne asubuhi daktari atakuja. Wifi yako ameshafua lile blanketi ulilomwachia na kulianika. Meneja yuko kitini pangu. Nimemnyanyua mwenyewe nikamweka, maana kuruka hawezi. Utakapokuwa unasoma mstari huu kutakuwa kumebaki saa nne, pengine tano. Simu yangu itakuwa mkononi kuanzia alfajiri, na ukipiga nitapokea. Ukitaka kunilaumu, nilaumu. Nastahili, na wifi yako ana mengi ya kukuongezea. Ukitaka niiweke simu sikioni mwake umwite kwa jina, nitaiweka, na nitatoka chumbani ili useme unachotaka kusema. Jambo moja tu nakuomba. Usiniambie nisubiri. Haki ya kuniambia unayo, yote, mara mbili. Lakini ukiniambia, nitasubiri.

Wasalimie wenzako wa wodi na watoto wote mnaowapokea. Ujifunike vizuri wakati wa zamu za baridi, na usinywe chai tupu. Wifi yako amekuja kusoma juu ya bega langu. Anasema niongeze kwamba anakupenda, na kwamba pumzi za Meneja dakika hii ni ishirini na nane. Amezihesabu yeye, mimi sijaangalia. Mwenzako anabisha hodi.

Ni mimi, kaka yako.